Uongozi Usioombwa

Nje kidogo ya mji wa Garissa zilikuwapo nyumba zilizoshiriki ua mmoja, tangi moja la maji na jiko moja la sherehe. Wakazi wake walimchagua mwenyekiti bila kura. Waliketi mikekani baada ya swala ya alasiri, wakazungumza mpaka asibakie wa kupinga. Aliyeutaka uongozi hakupewa. Aliyeukataa alihesabiwa kuwa mcha Mungu, akatwikwa.

Kwa sababu hiyo Maka alikuwa ameuongoza ua huo mpaka mvi zikamjaa chini ya hina. Kila uchaguzi alikataa kwa moyo wake wote, nao wakamsifu kwa unyenyekevu. Alifungulia maji alfajiri na jioni, akapatanisha majirani waliogombana kwa ajili ya mbuzi, akawafukuza vijana waliotafuna miraa langoni. Alikuwa amechoka hata kulalamika.

Sasa binti yake Ugbad alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa kule Masalani, wala hakuwa na mwingine wa kumuuguza katika arobaini yake. Maka aliwaeleza wenziwe. Walimjibu amlete binti huku, ingawa hakuweza safari. Mwenyekiti hauachi ua muda wote huo.

"Eddo Maka," alianza mzee Khalif, msemaji wa kikao cha uchaguzi, akimwita shangazi kwa heshima, "sote twajua utakataa. Kataa basi tumalize, chai inapoa."

Wakacheka.

Maka alisimama polepole, akishika goti. "Sikatai. Nautaka."

Kicheko kikakatika.

"Unautaka vipi?"

"Kama mtu anavyomtaka ngamia wa mwenziwe. Nipeni, na mwakani msiniulize tena. Nani kati yenu aniweza?"

"Wallahi, amepigwa na jua," alinong'ona Hodo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Jua gani? Hiyo ni tamaa!" Abdilatif akapaza sauti. "Kumbe kule kukataa kote kulikuwa maringo!"

Khalif aliinamisha kichwa. "Anayeuomba hapewi, eddo. Wewe mwenyewe wawafunza hivyo watoto wetu." Akawageukia wengine. "Yarrow je?"

Yarrow, fundi wa pampu, aliruka kana kwamba kaumwa na nge. "Mimi? Adeer Khalif, ami yangu, kwa jina la Mungu, siwezi! Nina watoto, nina kazi..."

"Mnamsikia?" akasema Khalif kwa furaha. "Huyo ndiye."

Hakuna aliyepinga. Alisalia Maka, kwa kuwa desturi ilidai kauli ya kila mmoja. Yarrow alimtazama kwa macho ya kusihi. Maka aliujua uzito wa mzigo ule kuliko wote waliokuwapo.

"Namkubali," akasema.

Alipopita kati ya mikeka kwenda kufunga mizigo, hapakuwa na aliyekunja miguu kumpisha. Hodo peke yake alimfuata ndani.

"Eddo, watakusema vibaya mpaka lini?"

"Waache waseme. Hebu nishikie hapa, nifunge."