Kiti cha Mpwa wa Waziri

Mkuu wa itifaki alikuwa amepiga magoti kando ya meza ndefu, akipima kwa rula kama vibendera vya wenyeji na vya wageni vimelingana urefu, wageni wenyewe walipoingia. Safari iliyopita kibendera kimoja kilizidi kidogo, na wabia wa Ulaya, watu wasiopitwa na jambo, walilitaja hilo kwa upole mpaka kwenye chakula cha mchana. Waziri alisimama mlangoni akiwapa mkono mmoja mmoja. Wa mwisho kwenye msafara wao alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, kijana aliyekufa maji mwaka jana akijaribu kuvuka bahari kwenda Ulaya.

Alikuwa peku, na shati lake la mahafali lilikuwa likichuruzika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekujaje?"

"Nimekuja na hawa. Ndege yao ilikuwa na nafasi."

Waziri akampa mkono kama alivyowapa wengine. Ulikuwa wa baridi, lakini hata mkono wa kiongozi wa msafara ulikuwa wa baridi, kwa sababu ya kiyoyozi.

Shida ilikuwa kiti. Ukumbini mle kila mtu lazima awe na upande. Mkuu wa itifaki alimweka kwa wageni, maana ndio aliokuja nao. Kiongozi wao, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, akasema kwa masikitiko kwamba kijana si wao, hakuwahi kufika. Akahamishiwa kwa wenyeji. Mwanasheria wa wizara akakohoa, akasema kwao alishatoka. Mwishowe wakaondoa chungu cha maua kichwani mwa meza, wakamketisha hapo katikati ya bendera mbili. Mhudumu wa chai akaleta beseni, akalisukuma chini ya kiti.

"Mwanangu, miguu yako iache humo humo," akamwambia. "Zulia hili nimelisugua jana mpaka kiuno kimekataa."

Mazungumzo yakaanza. Wabia wangetoa dawa na vitanda vya hospitali; serikali ingewapokea raia wake wote waliovuka bila vibali. Waziri alikuwa akiuhangaikia mkataba huo tangu alipoapishwa. Hakuupenda, lakini alishaziona wodi za wazazi, wanawake wawili wawili kitanda kimoja, na mkono mtupu haulambwi.

Wakati wa chai dada yake akapiga simu. Madereva walikuwa wameshamfikishia habari.

"Mdogo wangu, nasikia yuko hapo kwako."

"Yupo, dada."

"Anakula?"

"Hali. Amelowa tu."

"Basi niletee mwanangu nimzike. Pembeni ya baba yake pana nafasi. Sitakuomba kitu kingine."

"Nitawaambia, dada."

Kijana huyo aliwahi kuja ofisini kwake kumwomba apige simu moja tu ubalozini, faili lake la viza lifunguliwe. Waziri alimkatalia. Alisifika kwa kutobeba ndugu, na sifa ile alikuwa akiionea fahari. Sasa, kikombe mkononi, aliona aibu, na aibu yake haikumfaa mtu.

Waliporudi mezani akaomba kijana akabidhiwe kwa mama yake, azikwe. Wageni wakanong'onezana. Ili azikwe, kiongozi wao akaeleza, ni lazima awe amekufa. Na ili awe amekufa, ni lazima pawe na mahali alipofia. Bahari ile, mahali pale, usiku ule, haikuwa ya mtu yeyote. Walisikitika sana. Mmoja wao alitoa leso akafuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," waziri akasema. Mkalimani, ambaye alikuwa na ada za watoto za kulipa, akaitafsiri kwa maneno machache mno, na wageni wakatabasamu.

Mchana mama wa miwani akaja na habari njema. Wakubwa wake walitaka mkataba uonyeshe matunda kabla ya dawa kupakiwa. Na hapa palikuwa na mtu aliyeondoka, akarudi, bila pingu wala purukushani, tena kwa ndege yao wenyewe. Angefaa kuwa wa kwanza kupokelewa.

"Lakini amekufa," waziri akasema.

"Tunalitambua hilo. Mkataba hauulizi."

Waziri akamgeukia mpwa wake. "Wewe unasemaje?"

"Mimi niseme nini, mjomba? Nasikia baridi tu."

Waziri akazikumbuka zile wodi, akatia saini. Watu wakapiga makofi. Kwenye picha kijana yuko katikati yao, dole gumba juu, kwa vile mpiga picha alimwomba.

Tangu hapo hakuweza kuzikwa. Karani wa vibali vya maziko alisema mtu aliyepokelewa akiwa salama hazikwi. Waziri akampigia mwenzake wa mambo ya ndani, ambaye alimpa pole sana na kumshauri wasubiri afe kwa utaratibu. Dawa zilifika, si kote. Kijana akapewa kibao chake cha jina mezani, na kila wabia wanapokuja huketi pale pale. Mhudumu wa chai humwaga beseni asubuhi na jioni.

Siku moja dada alipanda mwenyewe hadi ukumbini, na nguo kavu na shuka jipya kwapani. Alimfuta mwanawe kichwa. Nywele zikalowa tena. Akamvalisha shati, nalo likalowa kabla vifungo havijaisha. Hapo akamgeukia waziri.

"Nimzike lini?"

Waziri alitaka kumwambia kwamba hajui. Alitaka kumwambia kuwa yeye ni yule yule ambaye dada alimbeba mgongoni utotoni, na kwamba kwenye meza hii hana nguvu yoyote, hata ya kumzika mtoto wa nyumbani kwao. Akafungua kinywa.

"Suala hilo linashughulikiwa katika ngazi zote husika," kikasema.

Dada akalikunja shuka, pembe kwa pembe.

"Asante, Mheshimiwa," akasema, akashika njia ya ngazi.