Upande wa Malori

Valence na Joachim walikuwa maseremala wa karakana moja huko Mfaranyaki, na kila asubuhi walikutana kwenye kona ya Msamala, wakaminya matairi kwa dole gumba, wakaondoka sambamba. Valence alikaa upande wa majani, Joachim upande wa malori. Hawakuwahi kupangana. Joachim alikuwa na maneno mengi, na mtu wa maneno mengi hupenda kukaa mahali pa wazi.

Malori yenyewe ni yale ya makaa ya mawe, yanayotoka upande wa Mbinga na kukatiza mjini kutwa kucha. Kwenye mteremko wa kuingia Mfaranyaki hayapunguzi mwendo. Wakazi wameomba matuta mpaka wamechoka, na kila mara wameambiwa wawe na subira, kitu ambacho ofisini hakina gharama. Alhamisi moja lori lilimchota Joachim katikati ya sentensi. Alikuwa anaeleza kwamba atamnunulia binti yake Jane taa ya baiskeli. Lori halikusimama.

Katika ukoo wa kina Joachim, mtu aliyefia njiani hafuatwi na gari peke yake. Gari huchukua mwili. Mwenyewe hufuatwa na tawi bichi la mti wa msuku. Aliyekuwa naye mwisho hulilaza tawi pale alipoangukia, humwita kwa jina, kisha hulibeba hadi mlangoni kwake, na njiani hasemi na mtu. Akisema tu, aliyebebwa hushuka.

Valence alilaza tawi, akaita, akalifunga kwenye karia. Baiskeli ikawa nzito kama imepakia gunia la mahindi, kwa hiyo akajua Joachim amepanda. Alikuwa ameshamaliza sehemu kubwa ya njia alipomkuta Mzee Rupert mbele ya uzio wake, anatoka misa ya asubuhi. Valence amelelewa vizuri. Mdomo ulitangulia kabla ya kichwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba.”

Baiskeli ikawa nyepesi. Waliosimama karibu waliona tawi limenyauka palepale, wakampa pole Valence kwa mara ya pili.

Mazishi yaliendelea, maana watu walikuwa wamekwishafika. Wabebaji walisema jeneza lilikuwa jepesi mno, na kaburi lilikaa juujuu. Jumatatu Valence alipofika kwenye uzio wa Mzee Rupert, Joachim alikuwa anamngoja. Alikuwa amevaa shati lake la kijani, lenye vumbi jeusi begani. Baiskeli yake ilikuwa kituo cha polisi, imefungwa mnyororo kama kielelezo, na wakati huohuo alikuwa ameipanda. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda vibaya, likawa linamrusharusha.

“Umechelewa,” alisema Joachim, akashika upande wake wa malori.

Kazini alipiga randa kama zamani. Bosi hakuwa na neno, kwani marehemu hakuchelewa, hakuugua, wala hakuomba kwenda kula. Jioni alirudi mpaka kwenye uzio na hapo pedali zikagoma. Suzana, mke wake, alikuwa anakuja na Jane kumwona hapo. Joachim aliuliza kama wamekula. Suzana aliitika kwamba wamekula, hata siku ambazo hawakula. Mzee Rupert aliwatolea viti nje akarudi ndani, maana alijiona kuwa yeye ndiye aliyemshusha mwenzao, na jambo hilo lilimuuma sana.

Suzana alitaka mambo mawili. Alitaka mume wake apumzike, na alitaka matuta. Baiskeli ikitoka polisi ingekuwa ya Jane, na shule ya Jane iko ng’ambo ya mteremko uleule. “Wamemchukua baba,” alimwambia Valence. “Mtoto sitawapa, shemeji. Siwezi.”

Kwa hiyo majirani walishauriana kwamba Joachim asifuatwe kwanza. Aonekane. Ushahidi gani tena unaozidi huo? Baada ya kusumbuliwa sana, ofisi ilimtuma mtaalamu wa barabara. Alifika asubuhi, buti zake zikiwa safi, akasimama mteremkoni na wakazi.

“Marehemu ni yupi?”

“Yule mwenye shati la kijani,” alisema Valence.

Mtaalamu akamsimamisha. “Ndiye wewe uliyegongwa?”

“Ndiye mimi, bosi. Palepale uliposimama.”

“Na sasa unakwenda wapi?”

“Kazini.”

Mtaalamu alitikisa kichwa kama mtu aliyepunguziwa kazi. “Ndugu zangu, mtu huhesabiwa amefia barabarani pale anapoacha kuitumia. Huyu anaitumia kila siku. Nitaandika nini? Mwondoeni kwanza, halafu mtuite.”

Lori likapita, likawafunika wote kwa vumbi, na mtaalamu akarudi ofisini kupangusa buti.

Jumamosi Suzana alikata tawi mwenyewe. Alililaza, akaita, akamfunga Joachim mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akapanda mteremko ameinama. Alipita mbele ya padri bila kufungua mdomo. Alipita mbele ya kiongozi wa jumuiya, mama anayependa kuheshimiwa, aliyemkemea kwa nyuma: “Ufiwe usifiwe, salamu ni salamu!” Suzana alikaza meno, machozi yanamtoka, akaendelea. Mzee Rupert alimwona kwa mbali. Kabla hajafika, mzee aligeuka akautazama uzio wake, akabaki hivyo mpaka nyayo zilipokwisha kusikika.

Mlangoni Joachim alishuka. Aliomba maji, akanywa, akamuuliza Jane habari za shule, akaingia chumbani. Walipomfuata walikuta shati tu. Makaburini udongo ulikuwa umeshuka, kaburi limekaa sawa kama makaburi mengine. Suzana alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Mtaalamu aliitwa. Alikuja tena, akasimama mteremkoni kutwa nzima, akawatazama wapanda baiskeli wote waliopita. Wote walikuwa hai. Alimuuliza mmoja mmoja, ili kuwa na uhakika.

“Yule wa shati la kijani yuko wapi?”

“Amepumzika,” alisema Valence. “Si ndivyo ulivyotaka?”

“Basi hapa hakuna tatizo,” alisema mtaalamu, akawashukuru kwa ushirikiano.

Polisi, kwa kuwa kielelezo hakikuwa tena na mwenyewe, waliirudisha baiskeli. Valence alibadilisha gurudumu la nyuma. Jane akaanza kwenda nayo shule, kwa sababu hakuna njia nyingine. Tangu hapo wengine wamefuatwa na matawi kutoka mteremko uleule, fundi viatu, mama wa mboga, na siku hizi kwenye barabara ile watu hawasalimiani asubuhi. Wazee wenyewe ndio waliopitisha jambo hilo. Mgeni akipita hudhani amefika mahali pa watu wenye kiburi.

Jumatatu ya kwanza ya Jane na baiskeli, Valence alimpisha upande wa majani, yeye akashika upande wa malori. Walipofika kwa Mzee Rupert, binti alifungua mdomo kutoa shikamoo. Mzee aliinua mkono kumzuia, akageukia uzio.

“Babu ametukasirikia?” aliuliza Jane walipokwisha kupita.

“Hapana, mama,” alisema Valence. “Hajui kama tumebeba mtu.”

Kisha wakashika breki, maana mteremko ulikuwa umeanza.