Mhemo wa Bijou

Kapya alikuwa akimwosha mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mke wa mchimba shaba wa Ruashi aliyejifungua kwa kupasuliwa, pale mama yule aliposhika kifua na kuanza kuhema, fupi fupi, kwa sauti kavu. Kapya akaangusha kitambaa, akapaza sauti kumwita daktari. Miaka yote ya uuguzi alikuwa akiusikia mhemo ule kichwani kila nyumba inapotulia. Ndivyo alivyohema dada yake Bijou, aliyekuwa amejifungua siku chache tu, katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, hadi akakata roho.

Familia ilisema Bijou amelogwa. Lawama zikamwangukia shangazi yao Mukuka, asiyekuwa na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyempikia uji. Baba akamfukuza kwa fimbo. Kapya, msichana bado, aliamini.

Sasa Daktari Mwenze alikuja mbio akisukuma mashine mpya yenye kioo. Akapaka mafuta kifuani, akabandika kifaa, na moyo ukaonekana kiooni ukipiga, mweupe na mweusi.

"Tazama upande wa kuume, Mama Kapya. Umevimba, unamubana mwenzake. Damu iliganda mu mukulu," akagusa mguu wa mgonjwa, "bonge ikapanda mpaka mu mapafu. Leta héparine, damu isigande tena. Mbio!"

Kapya alileta. Sindano ilipokwisha kuingia, akauliza polepole, "Dokta, hii inapataka bazazi, bamama benye banatoka kuzala?"

"Sana. Mara mingi mukulu njo inavimba kwanza."

Mguu wa Bijou ulikuwa umevimba. Shangazi Mukuka ndiye aliyeukanda kwa maji ya moto, akiomba apelekwe hospitali, na hakuna aliyemsikiliza.

Mgonjwa alipona. Kapya akaomba likizo, akapanda lori hadi Kasenga, alikokimbilia Mukuka, akamkuta ukingoni mwa mto Luapula akigeuza samaki juani, mgongo umepinda. Akapiga magoti, akamweleza yote: damu, mapafu, kioo.

Mukuka hakuacha kugeuza samaki.

"Miye nilijua sikumuua," alisema. "Baba yako iko wapi?"

"Alikufa, tantine."

"Na mama yako?"

"Naye pia."

Bibi kizee akacheka kidogo, bila furaha. "Sasa utaambia nani?"

Kapya akaokota samaki mmoja, akamgeuza, kisha mwingine. Shangazi hakumzuia, wala hakumtazama.