Rimoti Mbili kwa Ndege Moja

Mtu akikudanganya kwa ubaya, angalau unajua pa kumweka. Utamnunia, utamsusa, mkikutana njiani utavuka upande wa pili, basi. Lakini anayekudanganya kwa huruma, tena mtu unayekula naye sahani moja, huyo utamfanya nini? Hilo ndilo swali lililomkaba Kinyozi Jumamosi ile katikati ya uwanja wa mpira, ndege yake ikizunguka angani vizuri kabisa, huku mkono wake wa kulia umeshika kofia.

Kofia, jamani! Si rimoti. Kofia.

Tuanze mwanzo, maana ukiambiwa tu kwamba mtu mzima aligombana na watu wa nyumbani kwake kwa sababu ya ndege ya foma, utasema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alichezewa shere.

Kiharusi kilimkuta kazini, mashine mkononi, mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. Mashine ilimponyoka, naye akaifuata chini. Alipotoka hospitali ulimi ulikuwa umesharudi, mguu nao ukarudi kidogo kidogo, ila mkono wa kulia ukawa mkaidi. Akiuambia shika, unafikiria kwanza. Sasa kinyozi bila mkono wa kulia ni nini? Sifa yake yote ilikuwa kwenye wembe: kuchonga ndevu, kusafisha shingo, mteja anasinzia kitini wala hana wasiwasi. Kiti chake ikabidi akiache kitupu, akarudi nyumbani kukaa.

Na huko nyumbani ndiko alikotaka kupasuka. Mkewe alimfunga vifungo vya shati kabla hajavigusa. Kikombe cha chai kilikuja nusu, eti asijimwagie. Akinyoosha mkono achukue kijiko, kijiko kimeshafika mdomoni.

"Mama watoto, mimi si mtoto mchanga," alisema.

"Najua, baba. Haya, fungua mdomo."

Daktari wa mazoezi alimpa kampira ka kuminya. Alikaminya mpaka akakachukia, akakatupa uvunguni. Vidole vimechoka, alisema, viacheni vife kwa amani. Mkewe alilia jikoni siku hiyo, tena kwa sauti.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi simu na mgonjwa mkubwa wa ndege. Si zile za kupanda ukasafiri. Hizi ni ndogo, mabawa yake hayapiti urefu wa meza, zina mota ya betri na propela puani, unazirusha kwa rimoti wewe umesimama chini. Kila wikiendi alikuwa uwanjani na wenzake, shingo zimeelekea juu. Siku hiyo aliingia na mabapa ya foma, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni ya televisheni, pamoja na gundi na kisu.

"Shemeji, tengeneza ndege," alisema. "Vidole vitapata kazi ya maana. Ikiisha, nakufundisha kuirusha."

Kinyozi aliguna, lakini kisu alikichukua. Kumbe kilichokuwa kimemkosesha raha ni kukaa bila kitu cha kukata. Meza ya kulia ikageuka karakana, watu wakawa wanakula wamepakata sahani. Bawa la kwanza alilolikata lilikuwa kama mkate uliogugunwa na panya. Akaliunganisha hivyo hivyo, akalala amenuna. Asubuhi alilikuta limenyooka!

"Gundi hiyo," Shemeji alisema, uso mkavu kabisa. "Ikikauka inavuta, inanyoosha."

Naye akaamini. Mtu anayetaka kupona anaamini hata gundi.

Kujifunza kurusha kuna utaratibu wake. Mwalimu anashika rimoti yake, mwanafunzi anashika ya pili, na waya unaziunganisha. Mwalimu akibonyeza swichi, ndege inamtii mwanafunzi. Akiiachia, inamrudia mwalimu. Kwa hiyo mwanafunzi akiboronga, mwalimu anaiokoa kabla haijala udongo. Shemeji alikuwa akisimama nyuma ya Kinyozi, swichi kidoleni, na midomo haikutulia.

"Kata kushoto! Vizuri! Vuta kidogo, vuta... safi! Mkono huo, shemeji, acha mchezo!"

Na ndege ilikata kushoto, ikapanda, ikatulia. Kinyozi alisukuma vijiti na kuvivuta, akaona chombo alichokikata kwa mkono wake kikimsikiliza kule juu, na moyo wake, uliokuwa umekunjamana tangu hospitali, ukafunguka. Alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Alimsimulia mkewe alivyoipinda hapa na kuinyoosha pale, mkewe akaitikia, "Hongera, baba, hongera," huku akiangalia sufuria.

Mwishowe alikwenda kazini kwake, akasimama mlangoni, akawatangazia wateja waliokuwa kwenye benchi. "Jumapili njooni uwanjani mnione narusha peke yangu. Jumatatu narudi kwenye kiti. Na wembe wangu."

Walishangilia. Mmoja, dereva wa lori mwenye ndevu nyingi, aliapa kwamba hatazigusa ndevu zile mpaka Jumatatu.

Ndiyo tunaifikia hiyo Jumamosi. Walikwenda kwa mazoezi ya mwisho. Ndege ilikuwa kwenye kona, imelalia bawa moja, upepo ukavuma ukainyanyua kofia ya Kinyozi. Akaidaka kwa mkono wa kulia. Ni jambo la mwili tu, hulipangi. Halafu akakumbuka: kijiti! Katika kona ukiachia kijiti, pua inashuka, na pua ikishuka kwaheri. Alitoa macho, akangoja mlio wa foma kupasuka.

Ndege ilimaliza kona yake, ikanyooka, ikapita mbele yao.

Kinyozi aliivaa kofia polepole. Akarudisha mkono kwenye kijiti, akakisukuma kushoto mpaka mwisho. Ndege ikaenda kulia, taratibu, kwa adabu. Akavuta nyuma kwa nguvu zote, ipande. Ikashuka. Basi akaiachia rimoti ikaning'inia shingoni kwa kamba yake, akanyanyua mikono yote miwili juu, mitupu.

"Safi sana, shemeji!" sauti ilisema nyuma yake. "Leo umetia fora!"

Kinyozi aligeuka, mikono bado juu. Shemeji alikuwa ameikazia macho ndege, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, vidole vinacheza kwenye rimoti yake. Alipoyashusha macho na kuiona ile mikono, rangi ilimtoka.

"Swichi umeibonyeza?" Kinyozi aliuliza.

"Leo... leo kuna upepo, shemeji."

"Sikukuuliza habari za upepo. Jumapili iliyopita uliibonyeza? Siku ile ya kwanza? Kuna siku hata moja uliyoibonyeza?"

Shemeji aliitua ndege kwanza, na aliitua vizuri, jambo lililozidi kumtia Kinyozi uchungu. "Niliijaribu siku ya kwanza," alisema. "Kidogo tu. Ikataka kuanguka. Nikaogopa utakata tamaa."

Kinyozi alitembea mpaka nyumbani, mguu wake mbovu ukiburuza vumbi, shemeji mtu akimfuata kwa mbali na ndege kwapani. Alimkuta mkewe anakunja nguo, na kabla hajafungua mdomo, mke alimtazama usoni akaelewa. Hapo Kinyozi akajua kwamba huyu naye alikuwemo.

"Na bawa?" aliuliza.

Mkewe aliweka shati chini. "Bawa nililikata mimi. Ulikuwa umelala."

Ee! Hata bawa! Mtu anakaa wiki nzima akijisifia bawa mbele ya aliyelikata, na aliyelikata anasema hongera, baba, hongera! Walikula njama chini ya paa lake, wakamvisha kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mjini akiwapungia watu. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakalia.

"Ulikuwa umekufa ukiwa hai," mkewe alisema, machozi yakimlenga. "Kampira umetupa. Chakula hutaki. Ulipoanza hii ndege ulicheka, nikasikia kicheko chako. Ulitaka nifanye nini? Nikwambie bawa limepinda?"

"Ndiyo! Uniambie limepinda!"

"Kwani tumekudhuru nini?" Shemeji alisema kutoka mlangoni. "Si mkono umepata mazoezi?"

Kinyozi alimgeukia, na sasa hakupiga kelele, jambo lililowatisha zaidi. "Jumatatu," alisema, "yule dereva anakuja kukaa kwenye kiti changu. Ataegemea nyuma, atafumba macho, atanipa shingo yake. Na mimi nitauchukua wembe nikiamini mkono wangu unarusha ndege. Mlikuwa mnajua. Mngeniacha?"

Mkewe alikaa juu ya nguo alizokwisha kuzikunja.

"Tulikuwa tunatafuta namna ya kukwambia," alisema.

"Wembe ungeniambia. Shingoni mwa mtu." Aliivua ile kamba ya rimoti, akaitupa kwenye kochi. "Kesho waya sitaki. Rimoti moja, mikono yangu."

"Itaanguka, shemeji."

"Ianguke! Ya kwangu hiyo! Hata kama bawa si langu."

Jumapili walikuja kweli. Dereva na ndevu zake, wateja wengine wanne watano, warushaji wenzake Shemeji wamejipanga pembeni. Mke alisimama amejikumbatia. Shemeji aliing'oa ile rimoti ya pili kwenye waya, akaiweka chini mbali kama alivyoambiwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ikija kuelekea kwako, kushoto inakuwa kulia. Usisahau hapo." Akairusha ndege kwa mkono, propela ikivuma, akajiondoa.

Ilikwenda arijojo mara moja. Ikayumba kushoto, ikainua pua, ikataka kulala. Kinyozi akajikaza kisabuni, akakisukuma kijiti, na kile kidole kikaidi, baada ya kufikiria kwanza, kikaenda. Ndege ikainuka. Hakuna aliyemwambia safi. Kila mkono wake ulipotetemeka, mabawa yalitetemeka, na watu wote pale chini waliuona mkono wake ulivyo, umeanikwa hadharani. Aliona aibu. Lakini pia aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba kule juu kulikuwa na yeye, si mtu mwingine.

Akaipinda. Kona yenyewe ilikuwa mbaya, pana kama ya lori lenye tela, lakini ilikuwa kona, na ilizunguka uwanja mzima. Dereva alipiga mbinja. Kisha ndege ikageuka na kuja kuwaelekea. Ikalalia upande, Kinyozi akataka kuiinua, akasukuma kushoto, na kushoto ilikuwa kulia. Aligundua papo hapo. Kichwa kilijua, kikatoa amri, na kidole kikafikiria kwanza. Ndege ikajipigiza chini karibu na goli, vipande vyeupe vikaruka juu.

Halafu, kabla mtu hajasema pole, Shemeji alishachomoka mbele ya wageni, mikono kifuani.

"Jamani, samahanini! Kosa langu mimi! Mota niliifunga vibaya jana. Yeye alirusha sawasawa kabisa, ni mimi..."

"WEE!"

Kunguru waliokuwa juu ya goli waliruka. Kinyozi alikuja akichechemea, rimoti ikimgonga tumboni, macho yamemtoka pima.

"Hata kuanguka unaninyang'anya? Umerusha wewe, amekata bawa dada yako, na sasa kuanguka pia ni kwenu? Mimi nibaki na nini?" Aliunyanyua ule mkono wa kulia mbele ya uso wa Shemeji, ukitetemeka waziwazi, wala hakujaribu kuuficha. "Ndege nimeiangusha mimi! Kwa mkono huu! Mota ilikuwa nzima!"

Wateja walitazamana, wengine wakatazama viatu vyao. Mwishowe yule dereva akajikuna ndevu, akauliza kile ambacho wote walitaka kuuliza.

"Sasa bosi, kesho tuje au tusije?"

Kinyozi alivuta pumzi. Hilo jibu lilimuuma kuliko kiharusi, na alilitoa mwenyewe. "Njooni. Nitanyoa vichwa, kwa mashine, tena polepole. Atakayekuwa na haraka aende kwingine. Wembe bado. Ndevu zako kachonge kwa mtu mwingine."

"Ndevu zitangoja," dereva alisema.

"Zitangoja sana."

"Si ndevu zangu mwenyewe?"

Kinyozi alimtazama, akatikisa kichwa, akaelekea kwenye goli kuokota mabaki. Bawa, mkia, betri, alivikusanya kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja. Propela ilikuwa imechomoka, na skrubu yake ndogo ilikuwa imelala kwenye nyasi. Aliishika, ikamponyoka. Akaishika tena, ikamponyoka tena. Shemeji akapiga hatua; dada yake akamkamata shati kwa nyuma.

"Muache," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Wakasimama pale juani, watu wazima wote na akili zao, wakimtazama mtu aliyepiga magoti akitafuta skrubu. Ikamponyoka mara nyingine. Hakuna aliyesogea.