Mfarishi wa Kwenda Opala

Nadia alikuwa anaolewa tena, akiwa na miaka arobaini na sita, na mwanamume wa Opala, na nyumba nzima ilikuwa inaogopa kumwuliza maswali. Karima hakuogopa. Karima alikuwa mke wa Abdulhamid, kaka yake Nadia, na mtu na wifi yake wana ruhusa ambayo wengine hawana.

"Huyu Bilali wako alikuona wapi?" aliuliza. "Muchana, ao siku courant ilikatika?"

"Aliniona muchana kabisa. Weye ndiye kaka yangu alioa mu giza."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na minane katika parcelle moja, ua mmoja wa nyumba mbili, huku Kisangani. Nadia alikuwa fundi cherehani mwenye jina lake sokoni. Karima alifundisha shule ya msingi, na ushonaji alifundishwa na video za simu, basi hebu fikiria alivyotaniwa. Kila jambo walilisema kwa utani, hata pole ya msiba. Sasa boti ya kwenda Opala ingeondoka Jumamosi, na Karima hakujua kuaga kwa utani kunafanywaje.

Ndiyo maana alikuwa anashona mfarishi. Juu viraka vya vikwembe, yaani vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, vyote vitatu vikibanwa pamoja kwa mishono ya mashine. Alitaka kitu kimoja tu: uondoke na Nadia. Alikuwa na hofu kwamba fundi yule angeutazama, acheke, auache kitandani.

Nadia aliukuta siku ya Jumanne, akadhani Karima anajishonea mwenyewe. Karima alikuwa ameanza kushona pembezoni, akazunguka pande zote nne, na kitambaa chote kilichozidi kikakimbilia katikati na kutuna.

"Bon," alisema Nadia, akibonyeza ule uvimbe. "Umemuficha kuku humu?"

"Na mayai yake."

"Fungua yote. Unaanza katikati, unasukuma kitambaa kwenda inje. Na pini, mama, kila upana wa kiganja. Hawa watoto wa masomo unawafundisha nini?"

Alisema hayo akicheka, akaenda zake. Karima alifumua siku nzima, macho yakamuuma, akamlaani fundi na ukoo wa fundi, ambao ni ukoo wa mumewe pia. Kisha akaanza katikati, na kitambaa kikalala.

Alhamisi akajaribu kuchora maua kwa uzi. Aliziba meno ya mashine kwa kipande cha katoni ili yasiburute kitambaa, akakiongoza kwa mikono mwenyewe. Miguu ilikanyaga haraka, mikono ikachelewa, uzi ukajikusanya vifundovifundo. Nadia alichungulia dirishani.

"Hii ni ua ao ni buibui?"

"Ni sura yako."

"Mikono na miguu vitembee pamoja, kama watu wanaopendana," alisema Nadia, akaondoka kabla ya kujibiwa.

Jumamosi asubuhi ilibaki pembe moja. Mizigo ya Nadia ilikuwa imeshatolewa mlangoni, na mbebaji alikuwa anaita. Karima alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri kwa ajili ya kusindikiza, mfarishi wote umemrundikia mapajani, naye anakanyaga bila kupumua. Nadia aliingia kuaga wakati ule ule uzi wa mwisho unakatwa.

"Chukua," Karima alisema, akainuka kumkabidhi. Kikwembe chake kikainuka pia. Alikuwa amekishona pamoja na mfarishi, urefu wa kiganja, mishono mizuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Nadia alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Karima, amesimama na jupon, sketi yake ya ndani, hakucheka. Alianza kulia.

"Ni yako," alisema. "Nilitaka uende nayo. Kule Opala, ku mto Lomami, kuna baridi, na mimi nitabaki na nani humu?"

Kicheko cha Nadia kikaisha. Aliuvuta mfarishi, akautazama kiraka kwa kiraka. Kila kimoja alikijua. Vilikuwa mabaki ya meza yake mwenyewe, yale aliyoyafagia chini miaka kumi na minane, na kumbe mtu alikuwa anayaokota.

Akachukua mkasi.

"Fumua polepole," Karima alisema. "Kikwembe hiki Abdulhamid alininunulia kwa Idi."

Nadia hakufumua. Alikata kikwembe chenyewe, akizunguka ile mishono, mpaka kipande cha Karima kikabaki kimeng'ang'ania mgongoni mwa mfarishi.

"Wewe Nadia! Mbona unaniharibia nguo?"

"Atanunua ingine. Ni kaka yangu, namujua." Akapitisha kidole juu ya kile kipande. "Bipande byote humu biko byangu. Hiki moja tu ndiyo yako. Nifumue, nibaki na nini?"

Hakusema kwamba ni mzuri. Aliukunja mara nne, akampita mbebaji aliyenyoosha mikono kuupokea, akaubeba mwenyewe kifuani mpaka kwenye boti.