Mama Mkwe Ndani ya Kitalu Nyumba

Immaculata alikuwa mwishoni kabisa mwa kitalu nyumba, kapu la nyanya mkononi, aliposikia mabuti. Yalikuwa mabuti ya Projest, mume wa binti yake.

Wewe unayecheka, cheka tu. Kwa watu wa Igurwa wa rika lake, mama mkwe hakutani na mkwewe uso kwa uso. Wakionana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na mmoja wameishi hivyo, kwa heshima zao. Lakini ndani ya nyumba ya nailoni yenye mlango mmoja, utaingia migomba gani? Evaresta, binti yake, alipokwenda gulioni alimwambia achume nyanya bila wasiwasi, maana Projest yuko Bugomora, atachelewa. Kumbe karudi.

Akachuchumaa nyuma ya nyanya, akajifunika kitenge usoni. Mlango ukarudishwa. Kisha akasikia shii, shii, shii. Mama yangu! Anapuliza dawa ya wadudu!

Joto la mle lilikuwa la kuivisha ndizi, na sasa ile harufu kali ikamkaba koo. Akavumilia. Akabana kitenge mdomoni, akavumilia tena, jamani, heshima gani hiyo, machozi yakimtiririka, akijiambia atamaliza tu, atatoka. Projest wala hakuwa na haraka. Immaculata akaogopa kweli kweli kwamba atafia mle ndani. Kikohozi kikamshinda.

"Nani huyo?" Projest akasogeza majani, akaona kitenge. "Yesu wangu! Mama!"

Akatupa bomba la dawa, akatoka mbio, na kwa mazoea yake ya kuzuia wadudu, akasukuma komeo kwa nje.

"Evaresta!" akaita huko nje. "Njoo umtoe mama!"

"Evaresta yuko gulioni!" Immaculata akapiga nailoni kwa viganja. Tangu harusi hajawahi kumtaja huyu mtu kwa jina. "Projest! Fungua, nakufa!"

Mabuti yakaenda, yakarudi. Anafikiria nini sasa? Kisha komeo likapapaswa, likakosewa, likapapaswa tena, mlango ukafunguka. Immaculata akatoka akiyumba, akaanguka kwenye nyasi miguuni pa mkwewe, akikohoa na kutapika. Kitenge kilibaki ndani. Akainua macho.

Projest alikuwa amesimama wima, barakoa inaning'inia shingoni, macho kayafumba kama mtoto anayeogopa sindano.

"Umeshapita, mama?" akauliza.