Wiki ya Pili

Mwaka 1974 Driciru, muuguzi wa zahanati ndogo karibu na Koboko, alipelekwa Arua kusoma kozi fupi ya kupanga habari za wagonjwa. Walisomea Ediofe, kwenye shule ya misheni, katika darasa lililoazimwa wakati wa likizo. Mwalimu wao, Bwana Adrabo, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo.

"Huko wana mashine inayoitwa kompyuta," aliwaambia. "Sisi tuna kadi na sindano ya kufumia. Kazi ni ileile: kuwauliza wagonjwa wote swali moja kwa pamoja."

Kadi zilikuwa na matundu pembeni, kila dalili na tundu lake. Mgonjwa akiwa na dalili, tundu lake lilikatwa mpaka ukingoni. Ukipitisha sindano kwenye tundu hilo na kuinua rundo, kadi yake na za wenzake wenye dalili hiyo zinadondoka.

Wiki ya kwanza ilipokwisha, Driciru alijaribu kwa wagonjwa wake mwenyewe, ambao habari zao alikuja nazo kwenye daftari la zahanati. Aliuliza homa isiyosikia dawa, kisha uvimbe wa shingo. Kadi zilizoanguka zilikuwa za watu wanaoteka maji kijito kimoja. Mmoja wao alikuwa rafiki yake Alphonsine, mwuza samaki kutoka Kongo, ambaye siku hizi alisinzia sokoni mchana mbele ya wateja. Driciru alikuwa akimpa dawa ya malaria, tena na tena.

"Hii ni malale, ugonjwa wa mbung'o," Bwana Adrabo alisema polepole. "Wapimwe upesi. Kesho kuna lori la Koboko."

"Na mtihani?"

"Ijumaa ijayo. Asiyeufanya hapati cheti."

Malale huenda taratibu, Driciru alijiambia. Wiki moja itaharibu nini? Na bila cheti hangepewa zahanati aisimamie. Akabaki. Alishinda wote, akapigwa picha amesimama karibu na mwalimu.

Aliposhuka kwenye lori Koboko, alikwenda moja kwa moja kwa Alphonsine. Alimkuta mumewe, Gaspard, peke yake.

"Alphonsine yuko wapi?"

"Haiko, Sista. Ndugu zake walimubeba Jumatatu, kwao Kongo. Alikuwa natukana watu, nalia bila sababu. Walisema iko na pepo. Mimi nilisema tungojee Sista atoke Arua. Walinicheka."

Wale wengine walipimwa, wakatibiwa, wengi wakapona. Alphonsine walimtafuta miezi mingi. Walimpata ng'ambo ya mpaka, kwenye nyumba ya maombi, amefungwa kamba miguuni, mifupa mitupu. Hospitali iliokoa uhai wake. Alirudishwa kwa mumewe, lakini akili haikurudi yote. Driciru alipomwita jina, alitabasamu kama anavyotabasamiwa mgeni.

Siku moja Driciru, ambaye sasa alisimamia zahanati, alishindwa kuvumilia. Akamweleza Gaspard kwamba alijua kabla ya Jumatatu ile.

Gaspard aliweka kikombe chini. "Ulikuwa najua?"

"Nilijua. Nilibaki nifanye mtihani."

Mzee wa watu hakugomba. Aliinuka, akaenda kumtoa mkewe juani, akamkalisha kivulini na kumfuta uso. Tangu hapo wakikutana njiani humsalimu Driciru vizuri, humwuliza habari za kazi, lakini hajamkaribisha tena nyumbani.